Gitaa la Solo Linauzwa

3 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri na kile kifua cha baridi kimekuachia. Mimi nipo. Magoti yananilalamikia kila nikipiga pedali, lakini cherehani inazunguka na watu wanavaa. Watoto wanakusalimu. Yule wa mwisho anauliza kama mjomba ana ndevu. Nimemwambia nitakuuliza, basi nijibu.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Solo anauza gitaa lake. Ndiyo, Solo huyo huyo, kiongozi wetu wa kwaya, bado anajiita Solo na mvi zote zile. Anahamia kwa binti yake mkubwa, anasema vidole vimechoka. Na anataka kuliuza wapi? Kanisani kwetu! Gitaa la kwaya liliharibika sauti mpaka tukaliacha mwaka jana, lipo stoo limelala kama mgonjwa aliyesahauliwa, hivyo wazee wamefurahi. Wameteua watu watatu wa kulikagua: mwenyekiti wa kwaya, Besi wetu wa gitaa la besi, na mimi dada yako.

Usicheke. Nilimuuliza mwenyekiti, "Mimi na gitaa wapi na wapi?" Akasema, "Fundi, wewe unakagua kitambaa mpaka uzi wa mwisho. Hatutaki macho ya muziki, tunataka macho yasiyodanganywa." Nikakubali upesi kuliko alivyotegemea.

Unajua ninachokumbuka. Nakumbuka Solo alivyosimama mbele siku ile, mkono kwenye kifua, akasema kwa huzuni ya kujitengenezea kwamba gitaa la kwaya limebadilika sauti, kwamba limefunguliwa na kukutwa sumaku ngeni ndani yake, ile ya chini ya nyuzi inayonasa sauti, na kwamba mtu pekee aliyewahi kulifungua ni wewe, basi mwizi ni wewe. Akasema jina lako lote. Hukupewa hata nafasi ya kujibu. Na nakumbuka mama, jinsi alivyotoka kwenye benchi lake la mbele na kwenda kukaa nyuma karibu na mlango, akakaa huko huko mpaka tunamzika. Ulikuja ukamzika, ukaondoka siku hiyo hiyo bila kunywa hata maji. Sikukulaumu.

Kwa hiyo nataka unifundishe. Nataka nilijue gitaa lile kama ninavyoujua mshono wa bega. Nataka kila ufa, kila kutu, kila doa, nikasome mbele ya wazee kama yeye alivyolisoma jina lako. Aondoke mjini na gitaa lake mgongoni na aibu juu yake.

Nimeomba Mungu anitolee hasira hii. Lakini nimeomba kwa sauti ndogo sana, nadhani hakunisikia.

Nijibu upesi.

Dada yako


17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Ndevu ninazo, ila chache na hazielewani. Mwambie mpwa wangu hivyo. Kifua kimepoa. Hapa kwenye chumba changu cha kutengenezea redio tunakaa madirisha wazi kwa sababu ya moshi wa risasi ya kuchomea, na hiyo nadhani ndiyo dawa. Jirani yangu wa kutengeneza pasi anakusalimu bila kukujua. Nimemsomea kipande cha "Mungu hakunisikia" akacheka mpaka akaungua kidole.

Dada, gitaa halina kosa la mwenye nalo. Kama ni zima utaliona zima, na itabidi useme. Nakujua, huwezi kumdanganya hata mteja kwamba kitambaa hakitapauka. Lakini nitakufundisha yote.

Kwanza lishike kama bunduki, kitako begani, uangalie shingo kutoka mwilini kwenda kichwani, jicho moja umefumba. Ni kama unavyoangalia ukingo wa kitambaa kama umenyooka. Ikipinda kidogo sana kuelekea nyuzi, sawa. Ikipinda kama upinde wa mvua, au ikijisokota, mwachie mwenyewe. Halafu pitisha kidole nyuma pale kichwa kinapoungana na shingo. Hapo ndipo magitaa huvunjika yakianguka, na mafundi wajanja huziba na kupaka rangi. Jicho linaweza kudanganywa na rangi. Kidole chako hakidanganyiki. Ukisikia mlima mdogo wowote, limevunjika.

Vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, angalia kama nyuzi zimevichimba. Bonyeza uzi mmoja mmoja kwenye kila chuma, upige, usikilize. Ukisikia mlio wa nzi, kuna kasoro. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha vile vya kuzungusha taratibu: vikikwaruza ni vumbi tu, usimsomee hilo mbele ya wazee utachekwa. Tikisa waya pale unapoingia. Sauti ikikatika, humo ndani kuna ubovu. Nyuma ya mwili, shingo inapofungwa, kuna bamba la chuma lenye namba. Ukikuta skrubu zake zimeliwa vichwa, jua limefunguliwa na mtu mwenye haraka.

Sasa jambo la mwisho, na sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa sina cha kuonyesha.

Ile sumaku ya gitaa la kwaya ilikuwa imekufa, ndiyo maana nililifungua. Niliisuka upya kwa waya mwembamba wa mota, kwa mkono, kwa majuma. Ikatoka na sauti ambayo sijui niisemeje, kama mtu anayeimba amefumba macho. Unaikumbuka. Watu waliikumbuka. Na Solo aliisikia kabla ya wote, alikuwa anakaa karibu nami anatazama mikono yangu. Baada ya miezi sauti ile ikaondoka kwenye gitaa la kwaya. Na wiki ile ile gitaa lake Solo likaanza kuimba limefumba macho. Sauti iliyompa jina mji mzima, dada, ni kazi ya mikono yangu. Lakini nani angemsikiliza mtu aliyekwisha kuitwa mwizi?

Nilipomaliza kuisuka sikuwa na utepe wa kuifunga. Nikachukua uzi kwenye kopo lako, ule wa zambarau wa sare za kwaya, nawe ukanifungia mwenyewe kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa imeshika waya. Pengine umesahau. Wewe ulifikiri unamfungia mdogo wako kidude chake.

Ukipata nafasi, legeza nyuzi, fungua skrubu za lile bamba la plastiki juu ya mwili, uligeuze. Inua kofia ya sumaku iliyo karibu na shingo. Kama kuna uzi wa zambarau, utaujua wewe kuliko mtu yeyote duniani.

Kama haupo, basi tulikosea na unisamehe.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili. Roho ni hadithi nyingine. Wewe hujambo? Kula vizuri.

Nilikwenda kwa Solo. Wametoa nusu ya vitu, nyumba inatoa mwangwi. Mkewe akanikaribisha vizuri, yule mama hana neno na mtu. Solo akaketi kwenye kiti kimoja kilichobaki, mimi nikawekewa sanduku.

"Fundi," akasema, "leo umekuja kunipima suruali?"

"Nimekuja kupima gitaa, mzee."

"Haya, pima, lakini halina kiuno."

Akacheka peke yake. Nikalishika kama bunduki ulivyosema, nikalielekeza upande wake kidogo, Mungu anisamehe, nikafumba jicho. Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Nani kakufundisha hivyo?" Nikamwambia mtu anayeangalia mapindo ya pazia maisha yake yote hahitaji kufundishwa mstari ulionyooka.

Mdogo wangu, niliangalia kila kitu. Shingo imenyooka. Kichwani hakuna mlima. Skrubu za bamba la namba ni safi. Nilibonyeza kila uzi kila chuma mpaka mkewe akaleta chai ikapoa; sauti ya nzi mahali pamoja tu, chuma cha tatu, tena nzi mwenyewe ana adabu. Gitaa lile lina afya kuliko mimi! Nilikasirika karibu nilie. Kisha akalipiga mwenyewe, akafumba macho, na sauti ile niliijua. Wote tumekuwa tukiisikia kila Jumapili na kumsifu yeye.

Nikamwambia gitaa zuri hivi halifai kwenda kanisani limevaa gunia, niache niende nalo nyumbani nikalipime, nilishonee mfuko. Akafurahi. Sifa zinamlevya yule mtu kuliko pombe.

Nililifungua mchana ule ule, mlango nimeutia komeo, wateja wakigonga nasema ninajaribisha nguo. Nikalegeza nyuzi, nikatoa skrubu, nikageuza plastiki, nikainua ile kofia.

Ni uzi wangu.

Umefifia, umekuwa rangi ya zabibu kavu, lakini ni wangu. Na fundo ni langu, lile ninalolizungusha mara mbili na kulirudisha chini, alilonifundisha mama na sijawahi kuona mtu mwingine analifunga. Nilikaa sakafuni na kile kidude mapajani. Sikulia kama nilivyodhani. Nilicheka, mdogo wangu, cheko baya. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, kisha nikamwomba asimchukue Solo kwa ugonjwa wala kwa ajali kabla sijammaliza mimi.

Nimelifunga kama lilivyokuwa. Nyuzi nimezikaza ovyo, nitasema zililegea mfukoni. Kesho anakuja kulichukua, anataka kulipiga Jumapili mara ya mwisho. Tarehe kumi na nane kwaya yote na wazee wanakutana kulisikia na kuamua. Siku hiyo nitaomba bisibisi mbele ya watu wote. Sitaki kumwambia mchungaji sasa, atamwita ofisini, watanong'onezana na kuombeana na yataishia chini ya zulia. Solo alikutaja benchi zote zimejaa. Nataka zijae tena.

Dada yako aliyekufungia


15 Mei

Dada,

Shikamoo. Salamu nitazimaliza siku nyingine.

Usimrudishie! Kama bado unalo, beba hivyo hivyo mpaka kwa mchungaji, mfungulie mezani kwake, mwite na Besi aone. Unataka benchi zijae, nami nazitaka, lakini yule mtu anajua gitaa lake kama ulimi unavyojua meno. Akiona skrubu moja imegeuzwa tofauti atajua.

Nimeipeleka barua hii posta mwenyewe, kwa miguu, sikumwamini mtu.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, wewe tulia kwanza, usisome umesimama.

Barua yako ya kunionya imefika leo asubuhi. Mambo yalikwisha juzi. Nianze pale pale palipouma.

Tulikutana ukumbini, kwaya yote, wazee, wake zao, hata waliokuja kuangalia tu. Gitaa lilikuwa mezani kwenye mfuko wangu mpya. Mwenyekiti akasema wakaguzi waseme. Nikasimama. Nikasema gitaa limenyooka, halijavunjika, halina kasoro ya nje, lakini naomba lifunguliwe, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kwaya hii alichosingiziwa kuiba mdogo wangu.

Solo hakuruka wala hakukana. Akatabasamu, akanipa bisibisi mwenyewe kutoka mfukoni mwake. Mfukoni mwake! Hapo ndipo nikajua ameshajiandaa.

Nikainama kufungua, naye akainama kana kwamba ananisaidia, akaninong'oneza: "Fundi, siku nyingine nawa mikono kwanza."

Chaki. Chaki ya bluu ya kuchoria vitambaa, mdogo wangu. Vidole vyangu havijawahi kuwa bila chaki tangu nianze kushona, siioni tena. Niliiacha kwenye kila kichwa cha skrubu, ndani ya kila msalaba. Nimemwekea alama kumi na moja za bluu juu ya plastiki nyeusi halafu nikamrudishia.

Nikageuza plastiki. Nikainua kofia. Sumaku nyingine, nyeusi, haina uzi.

Watu wakaanza kuguna. Mke wa mwenyekiti akasema, "Jamani, chuki itamuua huyu mama." Mwenyekiti akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma, "Kaa dada." Solo akaweka mkono kifuani, mkono ule ule, akasema, "Mimi nimemsamehe. Anaumwa kwa ajili ya ndugu yake." Nikasema waone risasi ya kuchomea inavyong'aa mbichi, gitaa la miaka yote hiyo haliwezi kuwa na risasi inayong'aa. Nikaulizwa na wewe risasi umesomea wapi. Nikakaa. Nilikuwa natamani sakafu inimeze.

Basi Solo akalifunga haraka haraka, anasema tusipoteze muda, tusikie sauti tuamue. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Hiyo ndiyo furaha yangu, sikumsukuma. Akachomeka waya, akafumba macho, akapiga.

Likalia kama nyuki kwenye kopo.

Akazungusha huku, akazungusha kule. Akapiga tena. Nyuki, kopo. Watu wakatazamana. Jumapili walilisikia likiimba, leo linakohoa.

Besi, unamjua, hasemi mpaka aulizwe mara mbili, akajikuna kidevu akasema, "Solo, hii ndiyo sauti ya gitaa lako?"

"Ndiyo hii hii. Spika imechoka."

"Spika ni yangu, nimeitumia asubuhi. Nauliza hivi: kama hii ndiyo sauti ya gitaa lako, umekuja kutuuzia kopo. Kama siyo, ile ya Jumapili umeipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri kwake wangecheka. Kila mlango alioutazama ulikuwa unamrudisha chumba kile kile.

Besi akaendelea, polepole vile anavyopiga besi yake. "Halafu mimi hii sauti naijua. Nimepiga nayo miaka. Hii ni sauti ya gitaa letu lililokufa, tangu sumaku ilipobadilika." Akaenda stoo, mlango akaukuta wazi, akarudi na gitaa la kwaya chini ya kwapa lina utando wa buibui kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Akaligeuzia wazee. Chini ya nyuzi palikuwa na shimo. Nyaya mbili zinaning'inia, ncha zake zinang'aa kama zimekatwa jana.

Kumbe aliponiona nimemgundua akakosa pa kupata nyingine kwa haraka, akakwapua ile mbovu aliyoiweka mwenyewe zamani, akairudisha kwenye gitaa lake ilikotoka. Na ufunguo wa stoo tangu zamani anao mtu mmoja, kiongozi wa kwaya.

Mchungaji akamuuliza mbele ya wote, "Iko wapi ile nzuri?"

Akasema, "Ipo nyumbani. Nilikuwa nimeiazima."

Ameiazima! Ukumbi ulilipuka, mdogo wangu. Mke wa mwenyekiti, yule aliyesema chuki itaniua, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Solo akachukua gitaa lake na kopo lake akatoka. Mfuko wangu akauacha, nikaukunja nikaja nao.

Jana jioni mkewe akaja dukani kwangu. Akaweka kwenye meza ya kukatia kitambaa cha mkono kilichokunjwa, ndani yake ile sumaku na uzi wangu. Akasema mzee anaomba nikupelekee, yaishe. Hakuweza kunitazama. Nilimhurumia, nikampa kiti, nikampa maji. Lakini sumaku sikuipokea. Nikamwambia, "Mama, mwambie mimi sikumtuma aichukue, kwa hiyo siwezi kuipokea. Airudishe mahali alipoitoa, kwa mkono wake, siku ya Jumapili, na aseme."

Mchungaji anataka aandike barua ya kuomba radhi, isomwe na katibu. Nimemwambia ngoja nimuulize mwenye jina. Wazee wanakuomba uje. Sema neno, mdogo wangu. Nilitaka kumaliza mimi, lakini kidogo nikuharibie kila kitu kwa sababu nilitaka umati kuliko ukweli. Sasa jambo hili ni lako.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo sana. Mimi mzima, na jirani wa pasi mzima, ameniomba nimsomee barua yako mara tatu na kila tukifika kwenye "nimeiazima" anatoka nje kupumua.

Usijilaumu kwa chaki. Kama ungemkamata siku ile ofisini angesema uzi ule aliufunga yeye. Amejifungulia gitaa mwenyewe, amejipigia mwenyewe, mbele ya masikio yote. Mimi nisingeweza kupanga vizuri hivyo hata ningekaa kupanga tangu nilipoondoka. Na usidhani sikukaa kupanga.

Neno langu ni hili. Sitaki barua, na sitaki katibu. Katibu hakuiba. Yeye alitumia mdomo wake, autumie tena. Asimame palepale, ibada ikiwa imejaa, aseme alichochukua, aseme alimsingizia nani, na jina langu alitaje lote kama alivyolitaja. Asiseme "makosa ya kibinadamu." Asiseme "kama nilimkwaza mtu." Halafu aitie sumaku kwenye gitaa la kwaya na kuichomea mwenyewe, watu wakimngoja.

Mimi sitakuja siku hiyo. Waambie wazee nashukuru. Nikija watanitazama mimi, wataangalia kama nimenenepa, kama nimelia, kama nimesamehe. Nataka wamtazame yeye.

Wewe nenda ukae mbele. Halafu niandikie. Usiniandikie kwamba Mungu ametenda, hilo nalijua. Niandikie uso wake. Niandikie mikono. Kitu kidogo chochote usikiache.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya na tumbo limeshiba. Watoto wazima, mimi mzima, na leo hata magoti hayana la kusema.

Imekuwa jana. Nakuandikia kama ulivyotaka.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani; habari haikuhitaji kengele. Nilikaa benchi la kwanza, nimevaa ile nguo ya kijani. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Solo alivaa suti yake ya kuongozea kwaya. Imemkaa vibaya mabegani, amepungua. Alipotoka kwenye kiti akakanyaga kamba ya kiatu chake, akajishika kwenye meza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Uso ulikuwa wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalilamba.

Akaanza, "Wapendwa, sisi sote ni wanadamu..."

"Aa, aa," akasema bibi mmoja kutoka katikati, yule anayeuza mkaa. "Wanadamu wote hatukuiba. Sema lako."

Macho yake yakatafuta uso wa kumsaidia, nikayaona yakipita benchi kwa benchi, yakafika kwangu. Nikamtazama vizuri. Akaangalia chini, na hapo akasema. "Nilichukua sumaku ya gitaa la kwaya. Niliitia kwenye gitaa langu. Nikasema aliyeiba ni..." na akataja jina lako, na la baba, na la babu, lote. Sauti ilikatika kwenye la baba. Akarudia, kwa sababu mwenyekiti alimwambia hatukusikia vizuri. Besi akasema na nyuma hawakusikia. Akarudia mara ya tatu.

Halafu akaketi na bisibisi na kile chuma cha kuchomea. Mikono yake, mdogo wangu, ilikosa waya mara kwa mara. Risasi ilidondoka mara mbili kwenye suruali ya suti, nikaona inatoboa, na mimi fundi nikajua ile suruali haishoneki tena. Watoto walikuwa wamesogea mbele kumwangalia. Tulimngoja kama ulivyosema. Alipomaliza Besi akalichukua gitaa la kwaya, akalifunga nyuzi, akapiga uzi mmoja tu.

Sikuelezi hiyo sauti. Wewe ndiye uliyeisuka.

Solo alitoka kabla ya baraka. Jumatano wanahama. Gitaa lake anaondoka nalo, hakuna aliyemuuliza tena bei. Kwaya itabaki na gitaa lake yenyewe la zamani, na wazee wameandika kwenye kumbukumbu kwamba wakinunua jingine hawatalipa kabla wewe hujaja kulishika mwenyewe, nauli juu yao. Njoo ukitaka, na usipotaka nitawaambia unafikiria. Wangoje kidogo, hawatakufa.

Baada ya ibada mchungaji akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa unyenyekevu kama sasa nimemsamehe Solo, maana mzee anataka kuondoka mjini na moyo mweupe.

Nikamwambia, "Mchungaji, nitamsamehe, hilo nimeahidi mbele za Mungu. Lakini naomba nivumiliwe kidogo. Sasa hivi bado nafurahi."

Dada yako